Jibu: Ile riwaya ya uchawi wa kumbukumbu, nianze au niache?
Umeuliza kama uanze ile riwaya ya fantasia ambayo kila mchawi akitumia uchawi anapoteza kumbukumbu moja. Mi nimeimaliza juzi na bado inaniuma, maana wazo lenyewe ni tamu balaa, yani fikiria mama anaokoa kijiji kizima halafu anarudi nyumbani hamjui mwanae, hiyo sura ya kwanza nimeisoma mara mbili. Sasa baada ya hapo ni kama mwandishi kaisahau sheria yake mwenyewe, shujaa anamwaga uchawi kila ukurasa, vita juu ya vita, na hakuna cha maana kinachomtoka, akisahau basi ni jina la farasi sijui wimbo gani. Uchawi usiomgharimu mtu hauna presha, unajua tu atashinda. Halafu kuna kurasa kibao za koo za wafalme, niliziruka na sikupotea popote. Adui naye mpaka mwisho hatujui anataka nini! We soma zile sura tatu za mwanzo, zinastahili kabisa, ila kitabu cha pili mi sinunui mpaka nisikie mtu kakisifia.