Sarafu si sufuria

SWALI: Shikamoo mzee. Babu alituachia kopo la maziwa ya unga lenye sarafu 41. Zimo za Mjerumani, senti za tundu za Mwingereza, pesa za shaba zenye picha ya mizani na maandishi ya Kiarabu, riale mbili zenye sura ya mwanamke na mwaka 1780, na nyingine za nchi ambazo sijazitambua. Nataka ziwe mwanzo wa mkusanyo wangu wa sarafu za kale za dunia. Nyingi zimekuwa nyeusi. Moja, senti kumi ya 1936, nimeisugua kwa limau na majivu ikatakata kama mpya. Je, niendelee na zilizobaki, au kuna dawa bora zaidi? Na hizo riale za 1780 zinaweza kuwa na bei gani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiendelee. Limau lirudi jikoni leo hii, na hizo arobaini zilizobaki zisiguswe na kitu chochote mpaka umalize kusoma.

Haipiti wiki sijaletewa sarafu iliyosuguliwa. Mwenye nayo huja na furaha, maana ameiandaa kama mtu anavyomwosha mbuzi kabla ya kumpeleka mnadani. Mimi ndiye ninayelazimika kumwambia kwamba alichoondoa ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nimelisema jambo hili miaka mingi na bado linaniuma kila ninapolirudia.

Kosa linaanzia kwenye wazo kwamba weusi ni uchafu uliokaa juu ya sarafu, na kwamba chini yake kuna sarafu safi inayosubiri kutolewa. Sivyo. Weusi wa fedha ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa ya hewani. Ukahawia wa shaba ni shaba yenyewe iliyoungana na oksijeni. Uso wa sarafu ndio uliogeuka hivyo, polepole, kwa miaka themanini au mia. Ukiuondoa utando huo umeondoa uso, na hakuna fundi duniani anayeweza kuurudisha.

Fikiria sarafu inavyotengenezwa. Kipande cha madini hubanwa kwa nguvu kubwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Madini hutambaa kutoka katikati kwenda pembeni, na mtambao huo huacha mistari midogo mno ambayo jicho tupu haliioni. Hiyo ndiyo inayotoa mng'ao unaozunguka kama spoku za baiskeli ukiigeuzageuza sarafu mpya chini ya taa. Majivu yana chembe ngumu ndani yake, na zinapita juu ya mistari hiyo kama jembe juu ya majani. Mng'ao uliouona kwenye senti yako ni mng'ao wa mikwaruzo. Limau nalo ni asidi: linakula utando, halafu linaonja na shaba yenyewe, ndiyo maana sarafu hutoka na rangi ya waridi ambayo mkusanyaji yeyote huitambua akiwa upande wa pili wa meza. Ukwaju, siki, dawa ya meno na dawa za kung'arishia vyombo vya shaba, yote ni yale yale. Hakuna dawa bora zaidi. Swali lenyewe ndilo lenye kasoro.

Familia moja iliwahi kuniletea rupia 15 ya dhahabu ya Tabora, ya 1916. Hii ndiyo sarafu inayotafutwa kuliko karibu zote zilizowahi kupigwa kwenye ardhi hii. Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimeikata koloni na Ujerumani, sarafu zimekwisha, Wajerumani wakafungua kiwanda cha sarafu Tabora wakitumia vifaa vya karakana ya reli. Dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke. Zikatoka sarafu kama 16,000 tu, zenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake, kabla ya jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo kuuchukua mji Septemba 1916. Ile niliyoletewa ilikuwa halali: uzito wake haukupungua sana gramu 7.17 zinazotakiwa. Lakini sonara mmoja alikuwa ameibandika kikonyo iwe kidani, akaiondoa baadaye, akaipiga msasa ili alama isionekane. Tembo alibaki kivuli. Familia ilikuwa na mahitaji ya kweli, mgonjwa yuko hospitali, na mimi nikawapa bei ya dhahabu na ziada ndogo tu, kwa sababu hakuna ambaye angenipa zaidi. Sijaisahau siku ile.

Usidhani ni ukali wangu tu. Kampuni kubwa za Marekani zinazopima hali ya sarafu, PCGS na NGC, hutumia kipimo cha 1 hadi 70. Sarafu iliyosuguliwa haikataliwi kuwa ni halisi, ila hunyimwa namba, na kwenye lebo huandikwa kwamba imesafishwa. Kwa mnunuzi wa mbali lebo hiyo inatosha kuyamaliza mazungumzo.

Sasa senti yako ya 1936. Kwanza nikupe pole, halafu nikutulize. Kama imeandikwa jina la Edward wa nane, ina hadithi nzuri: mfalme yule aliachia kiti Desemba 1936, kabla Uingereza haijatoa sarafu zenye sura yake kwa matumizi ya watu. Senti za tundu za Afrika Mashariki hazikuwa na nafasi ya sura, zilibeba jina tu, kwa hiyo zilikwisha kupigwa kwa wingi. Wapo wanaolisoma jina hilo wakadhani wameokota nyumba. Ni sarafu ya kawaida, kila kopo la babu lina mbili tatu. Iweke kando iwe sarafu yako ya kujifunzia. Itazame kwa lensi karibu na moja ambayo hujaisugua, uone tofauti kwa macho yako.

Riale nazo nizipitie haraka. Mwaka 1780 hauthibitishi kitu. Maria Theresa wa Austria alikufa Novemba mwaka huo, na wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameizoea sarafu yake kiasi kwamba hawakukubali nyingine. Basi ikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko, hata katika karne ya 20. Hata herufi S.F. chini ya sanamu, za majina ya maofisa wa kiwanda cha kwanza, zilinakiliwa. Iliyo halali ina gramu 28.07, fedha yake ni sehemu 833 kwa 1000, yaani fedha tupu gramu 23.4 hivi, na ubavuni kuna maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka. Ubavu ukiwa laini, au sumaku ikiivuta, si riale. Zako zikifaulu, zipigie bei ya fedha na kidogo juu yake.

Hapo umeuona ugonjwa wa pili, ambao ni ndugu wa ule wa kwanza: kudhani kuwa ukale ni bei. Sarafu za shaba za Warumi za karne ya 4 bado zinauzwa Ulaya kwa bei ya chakula cha mchana, kwa sababu zilipigwa kwa mamilioni. Bei hutoka kwenye uhaba na hali, na hali ndiyo hiyo uliyokuwa unaipeleka kwenye majivu.

Kuna mahali ambapo kuingilia kati ni lazima. Ukiona unga wa kijani hafifu unaopukutika juu ya shaba, si utando huo, ni chumvi inayoila sarafu, na Tanga mnayo hewa ya kuilisha. Itenge na wenzake. Iloweke kwenye maji ya betri ya gari, yale masafi yasiyo na kitu, uangalie sana usije ukachukua asidi ya betri. Badilisha maji kila siku kwa siku kadhaa, kisha ikaushe kwa kuigusisha kitambaa laini bila kusugua. Mafuta au gundi huondolewa kwa asetoni halisi kwenye bakuli la kioo, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Unga ukirudi, mpe anayejua. Basi, hapo ndipo mwisho wa usafi.

Zitoe zote kwenye kopo, zinakwaruzana. Usizitie kwenye albamu za plastiki laini yenye harufu, maana plastiki ile hutoa asidi na kuziachia utelezi wa kijani. Bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi zinafaa, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe. Shika sarafu kwa ubavu siku zote.

Kuhusu mkusanyo wenyewe, usikimbilie kununua nchi baada ya nchi. Anza na swali: pesa hizi zilifikaje Tanga? Zile za mizani ni za Sultani Barghash wa Zanzibar, mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, na nyingine 1304. Pesa ya kampuni ya Wajerumani ya 1890 iliandikwa Kiarabu upande mmoja ili watu wa hapa waikubali, 64 kwa rupia moja, mpaka 1904 walipoleta sarafu ndogo iitwayo heller, 100 kwa rupia. Fuata nyuzi hizo na utajikuta Bombay, Vienna, Berlin na Birmingham bila kuondoka kwenye mada.

Na jihadhari na watu. Utakapoanza kuuliza, watakuja. Atakuja wa "rupia ya Mjerumani inayovuta mchele". Rupia ni madini ya fedha, haivuti mchele wala sindano. Kinachovutwa ni pesa zako. Atakuja wa kwenye simu mwenye tajiri wa Dubai anayetoa mamilioni, ila kwanza utume ada ya usajili. Atakuja mwenye video ya kung'arisha sarafu kwa dakika mbili, na huyo ameharibu sarafu nyingi kuliko wezi wote ninaowajua. Atakuja pia mwenye sarafu za Kilwa zilizochimbwa usiku. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kina ulinzi wake, na mchimbaji asiye na kibali anakuuzia kesi. Zaidi ya hapo, anaua habari. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tano za shaba za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Kama mtu angezichomoa akaziuza bila kutaja mahali, leo zingekuwa vishaba vitano vyeusi. Mahali zilipookotwa ndipo wanahistoria wanapokuna kichwa mpaka sasa.

Kwa hiyo kazi yako wiki hii ni daftari. Zipe sarafu zako namba 1 hadi 41, andika uzito kwa mizani ya sonara, upana, maandishi, na piga picha pande zote mbili na ubavu. Halafu, kama bibi yu hai, kaa naye. Muulize riale mbili zile zilitoka kwa nani. Huku pwani riale zilikuwa zikitolewa mahari, na mbili zilizowekwa pamoja muda wote huo sidhani zilibaki kwa bahati.