Madoa mawili kwenye sahani si aina mbili za virusi ziwani

Swali: Nilichota maji ya Ziwa Naivasha, nikayachuja kwa kichujio cha mikromita 0.22, nikayachanganya na bakteria E. coli kwenye agari laini (jeli ya kuoteshea bakteria) katika sahani ya maabara. Yametokea madoa, yaani sehemu ambapo bakteria wamekufa: makubwa angavu na madogo yenye ukungu. Je, niandike kwamba ziwa lina aina mbili za virusi vya bakteria?
*Mwanafunzi wa uzamili, Nairobi*

Jibu: Hapana, tafadhali usiandike hivyo. Sahani yako imeonyesha virusi vinavyoiweza E. coli ile uliyoiweka, basi. Mililita moja ya maji ya ziwa huwa na mamilioni ya virusi, na vingi hushambulia bakteria wasioota kabisa kwenye sahani zetu. Tena E. coli si mkazi wa ziwa. Hutoka matumboni mwa watu na mifugo. Ulichopima kinaeleza zaidi habari za kinyesi kilichoingia majini.

Hata hizo "aina mbili" hazijathibitika. Doa lenye ukungu mara nyingi ni la kirusi kinachoweza kujificha ndani ya DNA ya bakteria bila kumpasua. Jeni yake moja ikiharibika, kizazi chake hutoa doa angavu. Chomoa doa moja kwa ncha ya pipeti, oteshea upya, rudia mara tatu, ndipo usome DNA. Kumbuka pia kwamba kichujio chako kimezuia virusi vikubwa, na klorofomu (kemikali ya kuua bakteria waliobaki), kama uliitia, imeua virusi vyenye mafuta.

Virusi havina jeni moja ya pamoja kama 16S, jeni inayotumika kutambua bakteria, kwa hiyo PCR moja (njia ya kunakili kipande cha DNA) haitakuvusha. Ili upate virusi vyote kwa pamoja, chuja lita 20 za maji, tia kloridi ya chuma kiasi cha miligramu 1 ya chuma kwa lita ili virusi vishikamane nayo, subiri saa moja, nasa mashapo kwenye kichujio cha mikromita 1, kisha yayeyushe. Tia DNase (kimeng'enya kinachokatakata DNA iliyo nje ya virusi) kabla ya kupasua maganda ya virusi, la sivyo utasoma DNA ya bakteria.

Linalonikera zaidi ni wanaochukua sahani kama yako na kuuza maji ya ziwa yaliyochujwa kuwa dawa ya taifodi. Kirusi kinachoua E. coli hakina sababu ya kumgusa Salmonella Typhi, bakteria wa taifodi. Kichujio cha 0.22 hupitisha virusi vya homa ya ini A na sumu za mwani wa kijani-buluu. Baadhi ya virusi vya bakteria hubeba jeni za sumu. Sumu ya kipindupindu yenyewe huletwa na kimojawapo. Mwenye taifodi apimwe damu hospitalini na apewe antibiotiki inayofaa.