Muuza vitambaa wa Delft

Mwanangu,

Huku hatujambo, ila mvua imetunyima wateja siku ya tatu sasa. Juzi kwenye simu uliniuliza: mwenye duka la vitambaa, asiyesoma chuo, aliwezaje kuwa wa kwanza kuona bakteria? Ukacheka, ukasema pengine muuza vitenge mwenzake anajua. Haya, nimesoma, na ninavyoona mimi duka ndilo lililomfundisha.

Antonie van Leeuwenhoek aliuza vitambaa Delft, Uholanzi. Wafanyabiashara wa huko walikuwa na vioo vya kukuzia ili wahesabu nyuzi. Katika kazi yetu hatuamini mdomo wa mtu. Si unanijua? Nachomoa uzi, nauwasha kwa kibiriti: pamba hunuka karatasi na kuacha majivu, poliesta huganda kidonge. Naye alikuwa na jicho hilohilo, ila akaanza kujisugulia lenzi mwenyewe, vijilenzi vidogo kuliko punje ya mtama, akavibana kati ya vibamba viwili vya shaba. Chombo kizima kinaenea kiganjani. Kimoja kilichobaki hukuza mara 270 hivi.

Mwaka 1676 alitaka kujua kwa nini pilipili manga inawasha. Alidhani ina vijimiiba! Akailoweka, akaiacha majuma kadhaa, akachungulia: miiba hakuna, vijidudu vinaogelea. Akawaandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kwa Kiholanzi, maana Kilatini cha wasomi hakukijua.

Walimtilia shaka. Siwalaumu, hata mimi ningesema nionyeshe kwanza. Ikabidi atafute watu wanane, wachungaji wakiwemo, washuhudie kwa maandishi kwamba wameviona. Novemba 1677 Robert Hooke, mwanasayansi wa chama hicho, naye akaviona kulekule London, na mwaka 1680 wakamchagua Leeuwenhoek kuwa mwanachama. Miaka mitatu baadaye akawaandikia habari za ukoga aliouchokoa kwenye meno yake mwenyewe, nao umejaa vijidudu. Wewe niliyekukimbiza na mswaki utotoni utaielewa barua hiyo.

Ila ana lake. Lenzi zake bora hakumfundisha mtu namna ya kuzitengeneza, akafa na siri yake mwaka 1723. Roho mbaya tu hiyo.

Ukija likizo, waombe hapo maabara wakuazime kioo cha kukuzia. Nimeletewa robota la vitenge, mwenye mali anaapa ni pamba tupu, na kibiriti changu kinakataa.

Mama yako