Maswali na Majibu: Fanksheni Inayojiita Yenyewe

Nafundisha Python, lugha ya programu. Lupu (kurudia amri) wanazielewa, lakini nikifundisha rikasheni, yaani fanksheni kujiita yenyewe, kwa faktoria (namba kuzidishwa na zote zilizo chini yake hadi 1) wanafunzi wanakariri tu. Nianzie wapi? – Mwalimu, Kasarani

Mwalimu, faktoria iweke kando kwanza. Inatoa namba moja mwishoni, na kazi yote ya ndani haionekani. Anza na mti. Watoe nje wautazame mjakaranda: kila tawi, ukilitazama peke yake, lina umbo la mti mzima. Kisha warudi kwa kobe wa Python (turtle), kialama kinachochora mistari kwenye skrini kikisogea. Aende mbele, ageuke kushoto digrii 30, achore mti mdogo zaidi kwa hatua hizi hizi, ageuke kulia digrii 60, achore mwingine, ageuke kushoto 30, arudi nyuma alikotoka. Tawi likiwa fupi kuliko pikseli 10, asichore.

Nakusihi umpunguze kobe kasi. Watamwona akimaliza upande wote wa kushoto, hadi vijiti vya mwisho, ndipo aguse wa kulia. Mpangilio wa miito, yaani kila mara fanksheni inapojiita, unaonekana kwa macho, na maswali yatakayoulizwa hapo ni mazuri kweli.

Mti wangu unavurugika, matawi yanaota ovyo. – Mwanafunzi, Ngara

Angalia hatua ya kurudi. Kila mwito lazima umwache kobe pale pale ulipomkuta, akielekea kule kule. Chora shina na matawi mawili tu: ukiwa umesahau kumrudisha nyuma, tawi la kulia litaota kwenye ncha ya la kushoto badala ya kwenye shina.

Stima hupotea mara kwa mara. Karatasi inatosha? – Mwalimu, Dandora

Inatosha kabisa. Tumia umbo la Helge von Koch, mwanahisabati wa Uswidi, la mwaka 1904. Chora pembetatu yenye pande sawa. Kila upande ugawe mara tatu, na sehemu ya katikati ichomoze nje kama pembetatu isiyo na kitako. Mstari mmoja umekuwa minne. Kwa hiyo mistari ni 3, kisha 12, 48, 192. Mpe kila mwanafunzi mstari mmoja aushughulikie bila kutazama ya wenzake. Atagundua kwamba hahitaji kujua umbo zima ili afanye kazi yake sawasawa.

Programu yangu ya mti inakatika ikisema kina cha miito kimezidi. – Umoja

Sharti la kusimama, yaani tawi kuwa fupi mno, halifikiwi. Kwa kawaida Python hukatiza miito ikikaribia 1,000. Usiongeze kikomo hicho. Chapisha urefu wa tawi mwanzoni mwa kila mwito uone kama unapungua.