Samaki wa Kijapani begani, mama amekataa

SWALI: Mwalimu, habari za Kisumu? Mimi ni kinyozi hapa Section 58, Nakuru. Nataka kuchorwa tatuu ya koi, yule samaki wa Kijapani, kuanzia begani hadi kwenye kiwiko. Mama amesikia, akasema nikirudi nyumbani na alama ya majambazi nisimwite mama tena. Kuna ukweli hapo? Na huyo samaki ana maana gani hasa? Nimekutumia picha ninayoitaka.
Kinyozi, Nakuru

JIBU: Kinyozi, mama yako hajakosea kabisa, ila hadithi ameishika mkiani.

Mwaka 1720 serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, ilianza kuwatia wahalifu alama za wino badala ya kuwakata pua na masikio. Mwizi alichorwa mistari mkononi, na sehemu nyingine kwenye paji la uso, ili hata akihamia mji mwingine ajulikane. Lakini hiyo ilikuwa mistari tu. Picha zilipamba moto karne iliyofuata, pale mchoraji Utagawa Kuniyoshi alipoanza, mwaka 1827 hivi, kuchapisha picha za mashujaa 108 wa Suikoden, hadithi ya Kichina ya waasi, wengine wakiwa wamejaa michoro mgongoni. Watu wa kawaida wa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, wakaitaka kwenye ngozi zao: wabeba mizigo, maseremala, na hasa wazima moto. Joka la Japani ni la maji, halitemi moto. Mzima moto akipanda paa linalowaka, alikuwa amebeba mvua yake mgongoni.

Mwaka 1872 serikali mpya ya mfalme Meiji ikapiga tatuu marufuku, isije ikaonekana ya kishenzi mbele ya Wazungu. Kumbe Wazungu nao walikuwa wanazipenda! Mwanamfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Mfalme George wa Tano, alichorwa joka mkononi hukohuko mwaka 1881. Marufuku iliondolewa 1948, lakini kitu kilichofichwa miaka 76 huzoeana na watu wa kujificha, na magenge ya yakuza yakakifanya chao. Hadi leo bafu nyingi za umma huko humrudisha mlangoni mtu mwenye tatuu. Hapo mama amepatia. Mwambie pia kwamba nyanya yangu aling'olewa meno sita ya chini, kama Wajaluo wa rika lake, na aliyemwona alijua ni wa kwetu, hakukimbia.

Sasa samaki. Wachina husimulia kwamba koi huupanda Mto Huang He kinyume cha maji, na anayefaulu kuruka maporomoko ya Lango la Joka hugeuka joka. Ndiyo maana huchorwa amejikunja, maji yakimpiga. Mimi nimekulia kando ya mto Sondu. Mvua ya masika ikianza, samaki waitwao ningu walikuwa wakitoka ziwani kupanda mto kwenda kutaga. Ukisimama majini hadi magotini ulihisi wanakugonga miundi, mmoja baada ya mwingine, na hukuwaona kwa sababu ya tope. Baba aliwatega kwa vikapu. Sikuona hata mmoja akigeuka joka. Wengi waligeuka mchuzi, na siku hizi wamebaki wachache. Wewe nawe huenda umeshamla ndugu wa koi: wale samaki wenye magamba makubwa wanaovuliwa Naivasha ni ukoo wake, rangi tu ndizo hawakupewa.

Picha yako ina kasoro moja, nami nilifundisha sanaa miaka mingi, siwezi kuinyamazia. Umemzungushia koi maua ya sakura. Sakura ni ya majira ya kuchipua. Huanguka baada ya siku chache, nayo husemea ufupi wa maisha. Koi kwa desturi huandamana na majani mekundu ya momiji, yale yenye umbo la kiganja cha mtoto, ya majira ya kupukutika. Fundi wa jadi, anayefunga sindano kwenye mpini na kutia wino kwa mkono, hachanganyi misimu ovyo.

Kuhusu sindano, wewe ni kinyozi, wembe wa mteja mmoja humpitishii mwingine. Mchoraji naye afungue pakiti mpya mbele yako.

Picha nakurudishia kwa posta. Sakura nimezifuta, majani nimeyachora kwa penseli, manne upande wa kiwiko.