Goti la mzee limekataa kukunja baada ya hogo

SWALI: Shikamoo daktari. Baba ana miaka 68, mvuvi wa siku nyingi. Aliteleza kwenye mawe ya huku kwetu Igogo akavunjika muundi, akafungwa hogo kuanzia pajani kwa wiki nane. Limefunguliwa, picha inaonyesha mfupa umeunga, lakini goti halikunji. Majirani wanasema mafuta ya goti yamekauka, na kuna mzee anayekanda ambaye analivuta mara moja tu linaisha. Tumpeleke?

JIBU: Marahaba, ingawa mimi ni wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, si daktari. Msimpeleke. Mfupa uliokaa wiki nane bila kubeba uzito hupungukiwa madini. Goti gumu likivutwa kwa nguvu, huo mfupa unaweza kuvunjika tena.

Mafuta hayajakauka. Ute upo, ila haukuwa ukisukumwa. Gegedu, ile nyeupe telezi unayoiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku, haina mshipa wa damu hata mmoja. Hulishwa na ute kwa kubanwa na kuachiwa, kama sponji ya kuoshea vyombo. Mguu usipotembea, gegedu hulainika na kupoteza uwezo wa kushika maji.

Lakini kinachozuia goti la baba zaidi ni kifuko kinacholizunguka. Kimejikunyata, mikunjo yake imeshikana. Mwulize mwenyewe kuhusu wavu uliotupwa mwaloni ukiwa umekunjamana, na magamba yake: wiki ya pili macho yameshikana. Ukiuvuta kwa hasira unachanika. Ukiulowesha ukaufungua jicho kwa jicho, unarudi kazini.

Kijana naye hukakamaa kwenye hogo, ila hufunguka upesi. Kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoshikilia gegedu, kwa mtu mzima karibu haibadilishwi kabisa; sukari ya mwilini huigandia mwaka hadi mwaka ikawa ngumu. Misuli nayo haisubiri. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007, wazee 12 wenye afya, wastani wa miaka 67, walilala kitandani siku 10 tu wakapoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Baba kakaa wiki nane.

Muombeni daktari aliyemfunga awape rufaa ya fiziotherapia, Bugando au penginepo, na aseme mguu ubebe uzito kiasi gani. Nyumbani, akae ukingoni mwa kitanda, mguu uning'inie wenyewe. Kisha alale chali, apitishe kanga chini ya unyayo, akivute kisigino taratibu kuelekea makalio mpaka asikie kuvutika, asifike kwenye maumivu makali. Ashikilie nusu dakika, arudie mara tano, na afanye hivyo mara kadhaa kwa siku. Katikati akaze misuli ya paja goti likiwa limenyooka. Wengi huruka hili, na ndilo litakalomsimamisha.

Goti likiamka limevimba na lina joto, jana mlizidisha. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au akikosa pumzi ghafla, hospitali siku hiyohiyo.

Kutembea tambarare kunahitaji goti likunje nyuzi 60 hivi, kuketi kwenye kiti karibu 90, choo cha kuchuchumaa zaidi ya 110. Kwa hiyo mtafutieni kiti cha chooni kwa sasa. Na kwenye yale mawe ya Igogo, akiruhusiwa: kupanda atangulize mguu mzima, kushuka atangulize ulioumia, na mtu awe upande wa chini yake: nyuma akipanda, mbele akishuka.