Picha ya harusi isogee kama video: anzia Photoshop

Ndugu, nimekuelewa: unataka bibi harusi abaki mbele na bahari isogee nyuma yake, lakini ukisogeza kamera kwenye After Effects (programu ya kutengeneza video zenye mwendo) picha nzima inahama kama bango. Sababu ni kwamba picha yako bado ni bapa: bibi harusi na bahari vimeshikana kwenye leya (tabaka la picha) moja.

Anzia Photoshop, programu ya kuhariri picha. Mtenge bibi harusi kwenye leya yake, kisha (hapa ndipo wengi huteleza) ziba pengo aliloacha nyuma, la sivyo kamera ikisogea utamwona pacha wake. Shela na nywele zitakutoa jasho, usiharakishe. Hifadhi kama PSD (faili la Photoshop linalotunza leya), iingize After Effects ikiwa na leya zake, washa 3D kwa kila leya ili iweze kukaa mbele au nyuma ya nyingine. Sukuma bahari nyuma kwenye mhimili wa Z (wa mbele na nyuma), halafu ikuze maana itaonekana ndogo. Ongeza kamera, isogee kidogo tu kwa sekunde 5. Ukizidisha, kingo za ulipomkata bibi harusi zitakuumbua.

Vumbi na miale ya jua viweke mwisho, tena kwa uchache. Kompyuta ikikwama, punguza ubora wa onyesho hadi nusu.

Na fanyia kazi nakala. Mimi niliwahi kuhifadhi juu ya picha halisi ya mteja, sikulala.